Ufunguo Ninao Mimi

Mimi ni fundi seva wa kujitegemea, maana yake sina bosi ila nina mabosi kumi na mmoja. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula hapa Kisenyi, Kampala. Vifaa vyote vinaingia kwenye begi moja la mgongoni: laptopu, koleo la kubania nyaya za mtandao, bisibisi tatu, tochi ya kichwani, flashi mbili zenye Linux na simu ya laini mbili, kwa sababu ukitegemea mtandao mmoja utaaibika mbele za watu. Tangu 2021 kila bando la data hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo hata makosa yangu nayalipia kodi.

Mteja ninayemwogopa kuliko wote ni Haji, wakala wa forodha kule Malaba mpakani. Ana seva moja tu. Ndiyo inatunza mafaili, na ndiyo mlango wa ofisi nzima kutokea intaneti. Ikigoma, makarani hawaufikii mfumo wa forodha, hati haziendi, na madereva waliotoka Mombasa wanaanza kuinjika chai chini ya matela wakimtaja Haji kwa majina ambayo hakupewa na mama yake.

Mwaka jana mtu aliichomoa ili achomeke birika la umeme. Nilipandwa na hasira za kitaalamu. Nikamwita mchomeleaji akaunda kizimba cha nondo chenye wavu mdogo hivi, hata kidole hakipiti. Nikatia kufuli la ukubwa wa kiganja. Ndani nikaweka betri mbili za kuibeba seva siku mbili bila umeme.

"Na mimi ufunguo wangu?" akauliza Haji.

"Haji, huu ni usalama. Ufunguo ninao mimi."

Kumbuka hilo jibu.

Sasa, Jumanne moja alasiri nikiwa mezani kwangu na chai ya tangawizi, nikaamua kusafisha kanuni za faiawoli ya Haji, yaani yule bawabu wa ndani ya seva anayeamua nani apite mtandaoni na nani azuiwe. Zilikuwa zimerundikana kama nguo za mitumba. Mafundi wana tahadhari yao kwa kazi ya mbali kama hii: kabla hujagusa chochote, unanakili kanuni za zamani kwenye faili, kisha unaipa programu iitwayo at kazi ya kuzirudisha baada ya dakika chache. Ukijifungia nje, unakunywa chai yako, na mlango unafunguka wenyewe. Nilifanya hivyo. Naapa. Ilikuwa saa kumi na dakika tano, nikaiagiza irudishe kila kitu saa kumi na robo. Ikanijibu kwa mstari mmoja mfupi kwamba kazi imepokelewa. Nikaupita mstari ule kama watu wanavyopita masharti ya benki.

Kisha nikaandika iptables -F, nikabonyeza.

Amri hiyo hufuta kanuni zote lakini haigusi msimamo wa msingi. Na msimamo wa seva ile, ambao niliuweka mimi kwa mikono yangu, ulikuwa DROP: asiyetajwa asipite. Baada ya kufuta, hakuna aliyetajwa tena. Nikaandika herufi, haikutokea. Nikaandika nyingine. Kishale kikaendelea kunikonyeza pale pale.

Sikuwa na wasiwasi. Saa kumi na robo ikafika, ikapita. Na nusu ikapita. Chai ikapoa, simu ikalia.

"Fundi, shikamoo," akasema Haji. Haji ananizidi miaka thelathini. Nikajua mambo yameharibika.

"Haji, naomba mzime swichi kuu muiwashe tena. Seva ikizimika na kuwaka, inasoma kanuni zilizohifadhiwa."

Nikasikia kelele za ofisi kuingia giza. "Feni zimezima, taa zimezima," akasema Haji. "Hii yako inawaka vizuri kabisa."

Betri.

"Basi aichomoe askari."

"Achomoe vipi? Iko ndani ya kizimba."

"Apenyeze mpini wa ufagio, abonyeze kitufe."

"Wavu haupitishi hata njiti ya kiberiti." Akanyamaza kidogo. "Kwani ufunguo uko wapi, Fundi?"

Ulikuwa umening'inia kwenye msumari pembeni ya televisheni yangu, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye kufuli lake.

Askari alijaribu jiwe. Nilisikia vishindo vyote. Mwishowe akachukua simu mwenyewe: "Mwanangu, kufuli hili ulinunua wapi? Ni zuri sana."

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye paki ya magari ya abiria, nimebanwa dirishani na mama mwenye magunia. Safari siisimulii. Nitasema tu kwamba Namawojjolo, walipotusogezea kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, madirishani, ndipo nilipokula bila raha kwa mara ya kwanza maishani. Baada ya daraja la Jinja Haji akaanza kupiga kila nusu saa, kisha tukiwa karibu na Tororo simu ikaisha chaji.

Nikaingia ofisini saa nne na dakika ishirini, ufunguo mkononi, nimejiandaa kutukanwa. Printa inanguruma. Makarani wanabofya. Dereva mmoja anatoka na karatasi zake akicheka. Mbele ya kizimba amesimama Mama Usafi na kitambaa kibichi.

"Umechelewa, Fundi," akasema Haji. "Mama kaifuta vumbi, ikaamka. Haijapita dakika tano."

Nikafungua kufuli, nikachomeka kibodi, nikatazama kumbukumbu. Kanuni zilirudishwa na at, saa 10:15:00. Nikarudi kwenye amri yangu ya jana. Nilikuwa nimeandika hivi: at 10:15.

Saa kumi na robo.

Mimi nilihesabu tangu jua lichomoze, kama mama yangu alivyonifundisha. Seva inahesabu tangu usiku wa manane. Kwake saa kumi yangu ya alasiri ni 16, na 10 ni saa nne ya asubuhi. Na kwa kuwa ya Jumanne ilishapita, ikapanga ya Jumatano. Ule mstari mfupi niliouruka ulikuwa umeandika siku na saa bila kuficha.

Nikamweleza Haji yote. Akasikiliza kwa adabu, akatoa noti ya elfu ishirini, akampa Mama Usafi. Mimi nikapewa nauli na chapati. Ufunguo ukabaki kwa askari.

Kwenye stendi nikamwuliza kondakta wa Kampala anaondoka saa ngapi.

"Saa saba kamili."

"Saba yetu au saba ya kompyuta?"

Akanitazama juu mpaka chini, akamgeukia dereva: "Huyu tumkalishe nyuma kabisa."