Kuku wa uani na mtaro ulioziba

Jamani, nimechoka. Kikao kizima cha madiwani kimekwenda kwa kuku: wafugwe uani au wapigwe marufuku? Mama yangu anafuga matetea sita na jogoo mmoja hapa Ng'ambo, mjini Zanzibar, tangu mimi sijaanza skuli. Banda linafagiwa kila alfajiri, na kila baada ya miezi mitatu anawatia tone la chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, jichoni, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Mayai hayo ndiyo yaliyotununulia madaftari. Kama kuna anayefuga vibaya, aitwe kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, aambiwe.

Lakini mtaro! Umeziba tangu masika ya mwaka jana. Mvua ikinyesha nusu saa tu, maji meusi yanaingia mpaka ukumbini, tunapandisha magodoro juu ya makabati, na watoto wanabebwa mgongoni kwenda chuo cha Kurani. Tukiuliza, tunaambiwa fungu halijapatikana. Mbona ada ya taka tunalipa kila mwezi, na mkusanyaji hakosi kupiga hodi? Mtaro uzibuliwe kabla Machi haijaingia. Kuku wa mama waacheni.