Michael Aris na taa ya mhunzi wa Bumthang

Ukilitaja jina la Michael Aris, wengi watakujibu jambo moja tu: mume wa Aung San Suu Kyi, mpinzani mkuu wa utawala wa kijeshi wa Burma; yule Mwingereza aliyekufa kwa saratani huku wanajeshi wa Burma wakimnyima viza ya kwenda kumuaga mkewe. Ni kweli. Alifariki Oxford tarehe 27 Machi 1999, siku aliyotimiza miaka 53, na mara ya mwisho kumwona mkewe ilikuwa Krismasi ya 1995. Lakini msiba huo umeifunika kazi yake ya kuandika historia ya Bhutan, ufalme mdogo wa Kibuddha katika milima ya Himalaya, kati ya India na Tibet. Na kwa wachache wanaoikumbuka kazi yenyewe, ipo lawama inayozunguka hadi leo: kwamba alikula chumvi ya wenyeji wake, kisha akamvunjia heshima mtakatifu wao, Pemalingpa. Nadhani lawama hiyo haimtendei haki, ingawa haikuzuka bure.

Chumvi aliila, hilo halina ubishi. Alifika Bhutan mwaka 1967 akiwa kijana wa miaka 21, ametoka Chuo Kikuu cha Durham na shahada ya historia, kuwafundisha watoto wa familia ya kifalme. Wageni walikuwa wakihesabika, na barabara ya gari kutoka mpaka wa India hadi Thimphu ilikuwa na miaka michache tu. Alikaa miaka sita, akafikia kuongoza idara ya tafsiri ya serikali. Angeweza kuishia kwenye kumbukumbu za safari, kama walivyofanya wengi. Yeye alijifunza Kitibeti cha vitabuni, akaketi na maandiko ya mahekalu, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha historia ya mwanzo ya ufalme huo ambacho mtafiti wa Bhutan hawezi kukiruka.

Ugomvi unaanzia kwa Pemalingpa. Huyu alizaliwa Bumthang, katikati ya Bhutan, mwaka 1450, akalelewa katika kazi ya uhunzi. Katika hekalu la Tamzhing, alilolijenga mwenyewe, limo shati la minyororo ya chuma linalosemekana alilifua kwa mikono yake. Waumini hulibeba mgongoni wakazunguka nalo mara tatu ili dhambi ziwatoke. Lakini sifa yake kuu ni kufichua hazina. Waumini wanashika kwamba Guru Padmasambhava, mwalimu mkuu wa Kibuddha wa karne ya 8, alificha mafundisho na vitu vitakatifu ndani ya miamba na maziwa, vingoje watu walioteuliwa kuja kuvitoa. Pemalingpa ni mmoja wa wakubwa wa wateule hao. Tena ukoo wa Wangchuck unaotawala Bhutan unatokana naye, maana yake watoto aliowafundisha Aris ni wa uzao wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Aris akatoa kitabu juu ya Pemalingpa na Dalai Lama wa 6, kiongozi wa dini wa Tibet aliyetoka katika ukoo wa ndugu wa mhunzi huyo. Aliisoma habari ya maisha aliyoiandika Pemalingpa mwenyewe kama anavyosoma hati nyingine yoyote, akahitimisha kwamba hazina zile zilikuwa kazi ya mfichuaji, wala si urithi wa karne ya 8.

Kwa muumini, hilo linauma, na maumivu yake yana hoja. Mapokeo ya hazina yana mizani yake: wanaangalia kama fundisho linazaa matunda, kama mfichuaji alitabiriwa, kama wanafunzi wake wanaufikia mwamko wa kiroho. Mtu wa nje anapokuja na swali la kweli au uongo peke yake, anapima mafuta kwa kipimo cha nguo. Wapo hata wanazuoni wa Magharibi wanaoona kwamba swali hilo ni finyu mno kwa jambo pana namna hii.

Lakini shaka juu ya Pemalingpa haikuletwa na Mwingereza. Alikutana nayo Pemalingpa mwenyewe, kwa majirani zake, na katika kitabu cha maisha yake yumo akiilalamikia. Kumbuka kisa cha Mebar Tsho, ziwa linalowaka, pale mto unapobana kwenye korongo la bonde la Tang. Watu walikusanyika, na wengi hawakumwamini. Akashika taa ya siagi inayowaka, akasema mbele yao: kama mimi ni mfichuaji wa kweli nirudi nayo ikiwaka, na kama ni shetani nife humo. Akajitupa majini. Akatoka na hazina mkononi na taa haijazimika. Kiapo kile kisingekuwa na maana yoyote kama ukingoni hapakuwa na watu wenye mashaka. Aris aliwasikiliza hata hao, watu wa Bumthang ambao sifa za baadaye zimewasahau. Sioni dharau hapo.

Na jicho lilelile ndilo lililomfaa alipofika kwenye habari za Ngawang Namgyal, mtawa anayejulikana kwa cheo cha Shabdrung. Huyu alikimbia kutoka Tibet mwaka 1616, akajenga ngome ya Simtokha mwaka 1629 na ile ya Punakha mwaka 1637, akaifanya Bhutan kuwa dola moja. Alifariki mwaka 1651, na kifo chake kikafichwa kwa zaidi ya miaka 50. Fikiria maana yake. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakiambiwa kiongozi wao yuko ndani, yumo katika tafakuri, asisumbuliwe. Na nchi ikitawaliwa kwa jina lake. Kulikuwa na hofu ya Tibet, na mrithi asiye na ubishi hakupatikana. Huko Lhasa, mji mkuu wa Tibet, nako wakaficha kifo cha Dalai Lama wa 5 tangu 1682 hadi 1697. Ukikubali kila neno la vitabu vya hekalu, kisa kinabaki muujiza wa mtawa mvumilivu. Ukisoma kwa jicho la Aris, unawaona watu walioizuia nchi isisambaratike kwa kulinda mlango uliofungwa, nusu karne nzima. Kwangu mimi hao ni wakubwa kuliko muujiza.

Kosa la Aris ninaloliona liko mahali pamoja. Hati inaweza kukuonyesha kwamba andiko fulani limetungwa katika karne ya 15. Haiwezi kukuonyesha mtungaji aliamini nini alipokuwa akiandika, au mhunzi alikuwa na nini moyoni taa ikiwa mkononi na maji yakimfika kifuani. Kuhusu moyo huo Aris aliandika kama mtu aliyeuona, na alikuwa mkali kuliko ushahidi wake. Wanaomlaumu wakishika hoja hiyo moja tu, nitakaa upande wao.