Mlijinyima, Lakini Mlifika

Yakianza mazungumzo ya vijana na pesa, hukosi mtu mzima wa kusema, "Sisi tulijinyima." Sibishi, walijinyima kweli. Ninachokataa ni lile neno linalofuata, kwamba vijana wa leo hawana nyumba kwa sababu ya kupenda starehe.

Tazama England. Mwaka 1997 nyumba ya kawaida iliuzwa kwa takriban mara tatu na nusu ya mshahara wa mwaka. Kufikia 2021 ilikuwa kama mara tisa. Anayeweka akiba hapo anafukuzana na bei inayomshinda mbio, na kila mwezi kodi ya pango inamega kile alichokusudia kuweka. Tena anaanza na deni: kabla ya 1998 wanafunzi wa huko hawakulipa ada ya chuo kikuu, na mwaka 2012 ikaruhusiwa kufika pauni 9,000 kwa mwaka.

Wazee wana hoja moja nzito, nayo ni riba. Marekani, mwaka 1981, riba ya mkopo wa nyumba ilipita asilimia 18. Iliumiza. Lakini ilitozwa juu ya deni dogo, na mfumuko wa bei wa wakati ule ulipandisha mishahara pia, deni likawa linapungua uzito mwaka hadi mwaka. Riba iliposhuka, mtu aliweza kubadilisha mkopo akachukua wa nafuu. Aliyenunua nyumba kwa bei ya kuruka hana mlango huo. Riba yaweza kushuka kesho, bei aliyokwisha kuinunulia ndiyo hiyo hiyo.

Wachumi wakiongozwa na Raj Chetty walilinganisha mapato ya Wamarekani wenye umri wa miaka 30 na ya wazazi wao walipokuwa na umri huo. Kati ya waliozaliwa 1940, karibu asilimia 90 waliwapita wazazi. Kati ya waliozaliwa miaka ya 1980, nusu tu. Sababu kubwa waliyoiona ni jinsi pato linavyogawanywa, kuliko kasi ya uchumi kukua. Uvivu haumo.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wawili wenye kazi moja na mshahara mmoja. Mmoja wazazi wake walinunua nyumba zamani, wanamtolea malipo ya awali. Mwenzake ataendelea kupanga mpaka aote mvi. Huyo wa pili ndiye tunayemwambia ajinyime, na amekwisha kujinyima.