Chipukizi wa miaka 18 kwa mrushaji wa iningi 60

Julai 31, 2025, siku dirisha la kubadilishana wachezaji lilipofungwa, San Diego Padres, klabu ya besiboli ya Marekani, walimtoa Leo De Vries. Ni kijana wa Jamhuri ya Dominika, wakati huo ana miaka 18, anapiga mpira akisimama upande wa kulia au wa kushoto, na orodha ya chipukizi bora wa besiboli ilikuwa imemweka miongoni mwa watano wa kwanza. Pamoja naye walikwenda warushaji vijana watatu: Braden Nett, Henry Baez na Eduarniel Núñez. Kutoka klabu ya Athletics alikuja Mason Miller, mrushaji wa akiba, pamoja na JP Sears ambaye siku ile hakuna aliyemtaja.

Sisi mashabiki wa Padres, hata tulio huku Afrika Mashariki ambako mechi zao za nyumbani huanza karibu na adhana ya alfajiri, tuligawanyika papo hapo. Kuna waliosema klabu imejitia kitanzi. Wengine wakajibu kwamba klabu iko ligi kuu tangu 1969 na haijawahi kutwaa World Series, fainali ya ubingwa, hata mara moja, sasa hao watoto tunamtunzia nani?

Swali hili si la San Diego peke yao. Kila Julai linarudi: unatoa kijana ambaye huenda akawa nyota kwa miaka kumi, unapokea mtu wa kurusha mpira iningi moja tu, mwishoni mwa mechi.

Kwa wasioufuatilia sana mchezo huu, mechi ina iningi tisa, yaani awamu ambazo kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Mrushaji anayeanza siku hizi anafika ya tano au ya sita, mkono unachoka, wapigaji wanaanza kumsoma. Hapo ndipo linapofunguliwa lango la bulpeni, mahali wanapopasha mikono warushaji wa akiba. Wa mwisho wao, yule wa kumalizia, huletwa iningi ya tisa kulinda uongozi mwembamba. Shabiki wa soka amfikirie golikipa anayeingizwa dakika ya 120 kwa ajili ya penalti, ila huyu anaingizwa mara 60 kwa msimu.

Hesabu ya wanaopinga ni nyepesi na inauma. Timu hucheza mechi 162, kama iningi 1,450 za kurusha. Mrushaji wa kumalizia anarusha 60, labda 70. Hiyo ni chini ya asilimia 5 ya kazi yote. Mchezaji wa nafasi ya shotistopu (mlinzi kati ya beisi ya pili na ya tatu), ambayo ndiyo ya De Vries, anakuwa uwanjani karibu kila siku, mwanzo hadi mwisho, na anasimama kupiga zaidi ya mara 600. Tena ni rahisi kumlipa. Kima cha chini cha mshahara wa ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na mchezaji mpya hukaa karibu na kiwango hicho kwa takriban miaka mitatu, kisha klabu inabaki na haki naye kwa mingine mitatu hivi. Chipukizi akifaulu, klabu imepata nyota kwa bei ya mchezaji wa kawaida, na fedha zilizobaki zinanunua wengine.

Tena wana ushahidi wa makaburi. Agosti 1990 Boston Red Sox walihitaji mtu wa bulpeni, wakamchukua Larry Andersen kutoka Houston na kumtoa kijana aliyekuwa bado ligi ya chini, Jeff Bagwell. Katika msimu wa kawaida Andersen hakuharibu kitu: alirusha iningi 22, na hakuna aliyemfanyia maajabu. Boston wakashinda kundi lao, wakafagiwa na Oakland mechi nne kwa bila, Andersen akaondoka. Bagwell akapiga homurani (mapigo yanayovusha mpira juu ya ukuta) 449, zote akiwa na Houston, na mwaka 2017 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji. Miaka saba baada ya kosa hilo Boston walilipwa fidia na Seattle, waliowapa Jason Varitek na Derek Lowe ili wampate Heathcliff Slocumb, mrushaji ambaye hata Boston walikuwa wamemchoka. Lowe na Varitek ndio waliokuwa uwanjani Boston ilipomaliza ukame wa miaka 86 mwaka 2004.

Visa hivi viwili husimuliwa kila Julai, na ndiyo shida yake. Tunavikumbuka kwa sababu vilikuwa vibaya kupita kiasi. Nani anamsimulia Francisco Mejía? Julai 2018 alikuwa mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) chipukizi aliyesifiwa kila mahali, na waliompata ni Padres wenyewe, wakiwapa Cleveland Brad Hand na Adam Cimber, wote wa bulpeni. Tulishangilia. Mejía hakupiga, na Desemba 2020 akatupiwa kwenye dili la kumleta Blake Snell. Clint Frazier, chipukizi mwingine, aliyekuwa tunu ya Cleveland, naye alipita Yankees bila kuwa yule aliyetarajiwa. Chipukizi ni mbuzi kwenye gunia. Wengi wao hawafiki ligi kuu, na wanaofika wengi hawadumu, hata wale ambao picha zao ziliwahi kupamba orodha.

Hesabu ile ya asilimia 5 nayo ina tundu. Iningi hazilingani uzito. Iningi ya tatu siku ya Jumanne mwezi Mei si iningi ya tisa mwezi Oktoba, na kwenye mtoano kuna siku za mapumziko, kwa hiyo mrushaji mzuri wa akiba anaweza kuitwa karibu kila mechi. Mtu wa asilimia 5 ghafla anakuwa mtu wa asilimia 15.

Anayetaka kuuona ubishi huu wote ukichezwa usiku mmoja airudie mechi ya saba ya fainali ya 2016. Julai ile New York Yankees walikuwa wameuza warushaji wawili wa bulpeni ndani ya wiki moja. Aroldis Chapman alikwenda Chicago Cubs, na kijana wa Venezuela Gleyber Torres ndiye aliyekuwa kichwa cha malipo. Andrew Miller alikwenda Cleveland, nao wakamtoa Frazier na Justus Sheffield pamoja na wengine wawili. Miezi mitatu baadaye wanunuzi hao wawili wakakutana fainali. (Chapman alikuwa ameanza msimu huo akitumikia adhabu ya mechi 30 chini ya kanuni za ligi kuhusu ukatili wa majumbani, na wapo mashabiki wa Cubs ambao hadi leo hawajui wamshangilie vipi. Siwalaumu.)

Miller, aliyekuwa hashikiki Oktoba nzima, aliingia akapigwa homurani na David Ross, mdakaji mwenye miaka 39 aliyekuwa anacheza mechi yake ya mwisho. Iningi ya nane ikawa zamu ya Chapman. Cubs wanaongoza 6-3, wapigaji wawili wa Cleveland wameshatolewa (wa tatu akitoka zamu yao inaisha), mmoja yuko kwenye beisi. Kocha Joe Maddon alikuwa amemtumia mechi ya tano kwa kazi nzito kuliko alivyozoea, na mechi ya sita akamtoa tena ilhali timu inaongoza kwa pointi nyingi. Mkono ulionekana umekwisha. Brandon Guyer akapiga, pointi ikaingia. Akaja Rajai Davis, ambaye si mtu wa nguvu, akaishika gongo juu zaidi ili aweze kuikuta kasi ya mpira, na akautuma ukaenda juu ya ukuta wa kushoto. 6-6. Silaha mbili za bei mbaya kuliko zote sokoni mwaka ule, zote zimetobolewa katika mechi moja.

Baada ya mvua kusimamisha mchezo kwa dakika 17, Cubs walipata pointi mbili iningi ya kumi, Cleveland wakarudisha moja, na aliyekwenda kumtoa mpigaji wa mwisho alikuwa Mike Montgomery. Hakuwa amewahi kuandikiwa hata mechi moja ya ligi kuu aliyoingia kulinda uongozi na kuumalizia. Naye alinunuliwa Julai ileile kutoka Seattle, siku chache kabla ya Chapman, kwa dili lisilopigiwa kelele.

Je, Cubs walikosea kumtoa Torres? Hapana, na sina kigugumizi. Torres alichaguliwa kikosi cha nyota 2018 na 2019 na akapiga homurani 38 mwaka wa pili, lakini Cubs walikuwa wamesubiri ubingwa tangu 1908, na bila Chapman sidhani kama wangefika mechi hiyo ya saba. Yankees kwa upande wao walimpata kijana, kisha Desemba ileile wakamrudisha Chapman kwa dola milioni 86. Wakawa navyo vyote viwili. Ubingwa wao wa mwisho ungali ule wa 2009. Mwenye kudai kwamba upande mmoja wa mjadala huu umeshinda atueleze hapo.

Chapman huyohuyo aliuzwa tena Juni 2023, safari hii kutoka Kansas City kwenda Texas Rangers, na Texas wakatwaa ubingwa wao wa kwanza kabisa. Kijana aliyetolewa, Cole Ragans, alikuwa ameshapasuliwa kiwiko mara mbili. Mwaka uliofuata akawa wa nne kwa kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Kisha 2025 akakaa nje sehemu kubwa ya msimu kwa majeraha. Hadithi ya Ragans ndiyo iliyonifanya niache kuuliza iwapo inafaa kumtoa chipukizi kwa ajili ya bulpeni, nikaanza kuuliza ni chipukizi gani.

Maana bulpeni haina shule yake. Warushaji wa akiba karibu wote ni watu waliolelewa wawe waanzaji, ikashindikana. Mariano Rivera alianza mechi kumi msimu wake wa kwanza, 1995, kabla hajawa yule Rivera tunayemjua. Andrew Miller alikuwa chipukizi wa thamani kiasi cha kuwa sehemu ya malipo ya Detroit kwa Miguel Cabrera mwaka 2007. Akaanguka kama mwanzaji, akafufukia bulpeni. Mason Miller mwenyewe aliingia ligi kuu 2023 kama mwanzaji, kiwiko kikasumbua, wakambadilishia kazi. Kijana anayerusha kwa nguvu ana njia mbili za kuwa na faida, na zote mbili zinaweza kukatwa na kano moja ya kiwiko. Ndiyo maana ningelipa kwa mikono, yaani warushaji, na wapigaji ningewafungia kabatini. Najua Ragans na Lowe ni mikono, na najua Frazier na Mejía ni wapigaji. Mtoto anayeweza kucheza shotistopu kila siku na kupiga bado ni adimu zaidi, na mwili wake hauna ile kamba moja ya kiwiko inayobeba kila kitu.

Jambo la pili ni muda. Mwezi uleule wa dili la De Vries, New York Mets walimnunua Ryan Helsley ambaye mkataba wake ulibakiza miezi miwili. Akapigwa vibaya, na Mets wakakosa mtoano siku ya mwisho ya msimu. Mason Miller, klabu ina haki naye hadi 2029. Hapa nawapa Padres haki yao: hawakununua miezi miwili. Na Miller alifanya alichotakiwa. Kwenye mtoano dhidi ya Cubs alirusha mpira wa maili 104.5 kwa saa, kama kilomita 168, na wapigaji walikuwa wanazungusha gongo mpira ukiwa umeshafika glovu. Padres walitolewa mechi ya tatu, 3-1. Ukifunga pointi moja, mtu wa iningi ya tisa hana cha kulinda.

Mabingwa wa mwaka huo walikuwa Los Angeles Dodgers, ambao Januari walimpa Tanner Scott dola milioni 72 kwa miaka minne ili awe mtu wao wa kumalizia. Alipoteza uongozi mara kumi. Mechi ya saba dhidi ya Toronto ilimaliziwa na Yoshinobu Yamamoto, mwanzaji aliyekuwa amerusha jana yake tu.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye karatasi. Agosti 2022 Milwaukee Brewers, wakiwa kileleni mwa kundi lao, walimuuza Josh Hader kwa Padres. Kibiashara ilikuwa akili: mmoja wa waliopokelewa, Esteury Ruiz, ndiye aliyewezesha kumpata mdakaji William Contreras miezi minne baadaye, na Contreras amekuwa nguzo. Lakini chumba cha kubadilishia nguo kilipoa, wachezaji hawakuficha, na Brewers wakakosa mtoano kwa mechi moja. Wanaotetea kulea vijana wakumbuke kwamba wachezaji wa leo nao wana macho.

Hata vijana wanaouzwa wana macho. Ben Serunkuma na Umar Male, Waganda waliosajiliwa na Dodgers mwaka 2022, waliingia soko hilihili, ambamo kijana anaweza kuamka akakuta yeye ni jina la tatu katika dili lililokubaliwa kwa simu usiku.

Nikirudi San Diego: Miller namkubali, bei siikubali. Ningewapa Athletics warushaji wale watatu, ningeongeza wa nne, hata wa tano. Najua wangemtaka De Vries vilevile, maana wanajenga timu ya kuhamia nayo Las Vegas na mtoto wa miaka 18 anawafaa kuliko sisi. Hapo ningekata simu.