Sanaa ya Jamii na Wasio na Makazi: Ni Nani Hasa Anayepaswa Kuzinduliwa?

Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwahesabu watu wanaoishi mitaani ikapata 46,639 nchini kote, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Hesabu hiyo haikuwagusa walio wengi zaidi, yaani wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mukuru, Mathare, Kibera na Korogocho, ambao wana paa la bati juu yao lakini hawana hati ya ardhi wala mkataba wa upangaji, na ambao tingatinga likija alfajiri huwa hawana pa kwenda ifikapo adhuhuri. Kwa ajili ya makundi haya mawili, makanisa, mashirika ya misaada na vikundi vya vijana wametumia kwa miaka mingi maigizo ya uwanjani, michoro ya ukutani, picha, muziki na mashairi, kwa lengo ambalo halikosekani katika maombi ya ufadhili: kuzindua watu kuhusu ukosefu wa makazi na kutengwa. Ni lengo ambalo hakuna anayelipinga, na labda ndiyo sababu halichunguzwi. Ni nani anayezinduliwa, kuhusu jambo gani ambalo hakulijua, na akishazinduka afanye nini?

Wanaoitetea sanaa hii wana hoja nzito. Anayempita kijana anayenusa gundi kando ya Barabara ya Moi hakosi taarifa kwamba kijana huyo yupo. Anachokosa ni sababu ya kumhesabu kuwa mtu mwenye jina, mama na mahali alikotoka. Takwimu haziwezi kumpa sababu hiyo, lakini igizo la nusu saa lililochezwa na kijana wa aina hiyo hiyo linaweza. Vivyo hivyo, watoto wa Korogocho wanaojifunza fidla karibu na dampo la Dandora katika mradi wa Ghetto Classics hawajabadilisha sheria yoyote ya ardhi, ila wamebadilisha kile ambacho jiji linatarajia kusikia kutoka Korogocho. Hilo si jambo dogo katika jiji ambalo askari wa kaunti huwakusanya watu wa mitaani kama takataka kila kunapokuwa na mkutano wa wakuu wa nchi, na wenye maduka wakashukuru.

Hata hivyo, kuonekana kwenyewe kuna namna nyingi, na si zote zinamfaa anayeonekana. Januari 2009, mwaka mmoja baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, msanii wa Ufaransa anayejulikana kwa jina la JR alitandaza picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa Kibera juu ya mapaa ya nyumba, eneo la mita za mraba zipatazo 2,000. Picha nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni inayoukata mtaa huo, ili kila treni ilipopita macho yaliyo kwenye mabehewa yakutane na midomo na videvu vilivyobandikwa kwenye mabati ya mteremko. Ulimwengu ulizitazama na kuzisifu. Waliokosoa waliuliza swali la haki kabisa: mkazi wa Kibera huona wapi paa lake mwenyewe? Picha inayosomeka kutoka angani imeandikiwa anayepita angani, na mtaa huo tayari ulikuwa umechoka kupigwa picha na wageni wanaolipia kutembezwa katika vichochoro vyake. Lakini kuna jambo moja ambalo wakosoaji wengi hulipita haraka. Picha zile zilichapishwa kwenye turubai lisilopenyeza maji, kwa hiyo mvua iliponyesha waliokuwa chini yake walipata ahueni. Kwa maoni yangu, turubai hilo lina uzito kuliko kila kilichoandikwa magazetini kuhusu nyuso zilizokuwa juu yake, kwa sababu sanaa ile ilimpa mwenye nyumba kitu alichokihitaji bila kusubiri mtazamaji wa mbali aguswe moyo.

Mfano wa pili unauma zaidi. Wajukuu ni kikundi cha wasanii waliozaliwa na kukulia Mukuru, katika eneo la Lunga Lunga, ambao wamekuwa wakiwafundisha watoto wa mtaa kuchora na kuchonga. Mwaka 2022 walialikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, wakajenga njia ya mabati yenye giza ambayo mgeni alilazimika kuipita ili kuingia ukumbini, nao wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode mwaka huo huo. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba na Novemba 2021, mabati ya majirani zao wa Mukuru kwa Njenga yalikuwa yamekandamizwa na matingatinga ili kupisha barabara, na watu wapatao 40,000, kwa makadirio yaliyotolewa wakati huo, wakabaki nje, wengi wakilala kwenye mahema juu ya vifusi vya nyumba zao. Sisemi kwamba wasanii wale walikosea kwenda Kassel. Walistahili kila sifa waliyopewa, na wao hawakuuacha mtaa wao. Ninachosema ni kwamba heshima ambayo bati la Mukuru lilipewa Ujerumani haikulikinga bati la Mukuru nchini Kenya. Wenye mamlaka ya kubomoa hawakuwa na upungufu wa taarifa. Walijua vizuri ni kaya gani ziko pale.

Hapa ndipo dhana nzima ya kuzindua inapohitaji kupimwa upya. Miradi mingi hudhani kwamba asiyejua ni mtu wa nje, yaani tajiri, mfadhili au afisa, na kwamba akijua atatenda. Historia ya Kenya ina ushahidi unaoelekeza kwingine. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamirithu karibu na Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu wapatao 2,000, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kamirithu chenyewe kilianzishwa katika miaka ya 1950 kama kijiji cha kuwakusanyia watu kwa nguvu wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni, na wengi wa waliobaki pale hawakuwa na ardhi. Mchezo ulimhusu kibarua mwenye ekari moja na nusu anayeshawishiwa na tajiri achukue mkopo wa benki kwa kuweka rehani hati yake, hatimaye shamba likauzwa. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji walisahihisha maneno ya waandishi palipokuwa na kosa juu ya mishahara, kazi na lugha ya wazee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa walikuwa wamekilalia maisha yao yote.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali chake kilifutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Kikundi kilipojaribu kurudi jukwaani na mchezo mwingine mwaka 1982, kilinyimwa kibali, na tarehe 12 Machi mwaka huo polisi wakaubomoa ukumbi wote. Tuutazame mpangilio huo kwa makini. Dola haikuhofia matajiri kusikitikia hali ya maskini. Kilichoitia hofu dola ni maskini walioketi mbele ya maskini wenzao na kuulizana ardhi yao ilikwenda wapi. Huo ndio uzinduzi uliokuwa na nguvu, nao haukumhitaji mgeni hata mmoja.

Upande wa pili wa mizani hauwezi kufichwa, na wapenzi wa Kamirithu, nami nikiwa mmoja wao, tuna deni la kuutaja. Hakuna mwanakijiji aliyepata ardhi kutokana na mchezo ule. Viongozi wawili wa kituo cha Kamirithu, Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ, waliishia uhamishoni Zimbabwe. Mwandishi mashuhuri hupiganiwa na dunia anapofungwa. Kibarua aliyeigiza naye hubaki kijijini na chifu yule yule. Kwa hiyo anayewahimiza vijana wa Mathare leo waigize mauaji yanayofanywa na polisi, kama kikundi cha maigizo cha Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kinavyothubutu kugusa mambo mazito ya mtaa, anapaswa kujiuliza kwanza ni wakili gani atakayepokea simu saa nane za usiku. Wafadhili hulipia jukwaa na vipaza sauti. Wakili huwa hayumo katika bajeti.

Kati ya picha ya kuwagusa wageni na mchezo unaoivuruga dola, kuna njia ya tatu iliyojaribiwa kwingine. Augusto Boal wa Brazil alibuni maigizo ambayo tukio la dhuluma huchezwa mara moja hadi mwisho, kisha huchezwa tena, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti kulisimamisha, akapanda jukwaani na kujaribu njia nyingine. Alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kati ya 1993 na 1996, mapendekezo yaliyotoka katika maigizo hayo yaliandikwa kuwa miswada, na 13 kati yake ikawa sheria za jiji. Mjini London, kundi la Cardboard Citizens limeitumia mbinu hiyo tangu 1991 pamoja na waigizaji waliowahi kukosa makazi. Vikundi vya Nairobi navyo vinaijua: wakala wa mwenye mabanda anakuja kufunga mlango kwa kodi ya wiki mbili, na mama mmoja kutoka umatini anapanda kumwonyesha mwigizaji jinsi angemjibu.

Faida ya njia hii ni kwamba inafundisha jambo linaloweza kutumika. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yenye viwango vya kuridhisha, na sheria za ardhi zilivyorekebishwa mwaka 2016 zinataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Wengi wanaobomolewa hawajui hayo. Lakini kuijua sheria nako kuna mipaka yake. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walibomolewa Novemba 2011, na Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi yao Januari 2021. Mukuru kwa Njenga ilibomolewa baadaye katika mwaka huo huo wa uamuzi.

Pia kuna suala la heshima ya anayesimulia. Kijana wa miaka 16 akiombwa asimame jukwaani aeleze kwa jina lake alivyonusa gundi na kuiba, umati utalia, na video itabaki intaneti hadi siku atakayoomba kazi ya ulinzi au uchumba. Ridhaa aliyoitoa akiwa na njaa haitoshi. Katika jambo hili maigizo yanaishinda picha, kwa kuwa kijana anaweza kumpa mhusika wa kubuni kila alichokipitia, na hakuna mtazamaji atakayejua ni kipi chake na ni kipi cha mwenzake. Ni ajabu kwamba wafadhili wengi bado hupendelea ushuhuda wa mtu halisi mwenye sura inayotambulika. Na aigize au ashuhudie, alipwe, kama anavyolipwa mwenye kukodisha viti.

Ikiwa sanaa hii itafungamanishwa na jambo, hukumu yangu ni kwamba ifungamanishwe na vyombo ambavyo wakazi wamekwisha kuviunda. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza 1996, umekuwa ukiwakusanya wakazi wa mitaa ya mabanda katika vikundi vya akiba na kuwawezesha kuhesabu wenyewe kaya, vyoo na mabomba yao. Takwimu za namna hiyo zilichangia Kaunti ya Nairobi kuitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango miji mnamo Agosti 2017, na wakazi wakapangwa katika makundi ya kaya kumi kumi ili maoni yao yapande hadi kwa maafisa wa mipango ya jiji. Hatua hiyo haikuzuia ubomoaji wa 2021, jambo linaloonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Hata hivyo, kikundi cha maigizo kinachocheza mbele ya kaya kama hizo kina watu wa kuendelea na mjadala baada ya ngoma kunyamaza, na kina mahali pa kupeleka kilichosemwa.

Na jambo la kuchezwa lipo sasa. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inamkata kila mwenye mshahara asilimia 1.5, na nyumba za kwanza za mpango huo huko Mukuru zilikabidhiwa Mei 2025. Nani anahesabiwa kuwa mkazi anayestahili, mwenye banda anayeishi mtaa mwingine au mpangaji aliyelipa kodi ya banda hilo miaka kumi? Mama anayeuza mboga na asiye na hati ya mshahara ataweka akiba kwa utaratibu upi? Waliohamishwa kando ya mito baada ya mafuriko ya 2024, kwa ahadi ya shilingi 10,000 kwa kaya, wako kwenye orodha ipi? Maswali haya yanafaa kuchezwa uwanjani kabla orodha hazijafungwa, mwakilishi wa wadi akiwa ameketi kwenye benchi la mbele, na mpangaji akiwa na ruhusa ya kulisimamisha igizo.