Mwenye Uwanja Asijikague Mwenyewe

Mei 28, 2023, Yanga wakijiandaa kucheza na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mtu mmoja alifariki kwenye msongamano Uwanja wa Benjamin Mkapa na wengine wakajeruhiwa. Miaka miwili kabla, Machi 2021, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, jirani kabisa na pale, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli.

Viwanja vyote viwili ni mali ya serikali. Ni serikali hiyo hiyo inayovikodisha na kutoa polisi wa kulinda mageti, na maafa yakitokea wanaotoa maelezo ni viongozi wake. Mwenye mali hawezi kuwa mkaguzi wa mali yake. Hata akiwa na nia njema, siku mechi ya watani imeshatangazwa na tiketi za mzunguko zimekwisha, hatajiandikia barua ya kujifungia geti.

Tazama Uingereza, ambako kila kifungu cha sheria kilikuja baada ya mazishi. Ngazi namba 13 ya uwanja wa Ibrox, Glasgow, iliua watu wawili mwaka 1961. Ikajeruhi wengine 1967 na 1969. Januari 2, 1971 ikaua 66. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1975: uwanja mkubwa lazima uwe na cheti cha usalama kutoka serikali ya mtaa, kinachotaja idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia.

Sheria hiyo ilianza na klabu za madaraja ya juu. Bradford City walikuwa daraja la tatu, kwa hiyo haikuwagusa. Mei 11, 1985, siku waliyokuwa wakisherehekea kupanda daraja, moto ulishika takataka zilizorundikana miaka na miaka chini ya jukwaa la mbao. Waliokimbilia nyuma walikuta milango imefungwa. Wakafa 56. Na walikuwa wameshaandikiwa kuonywa kuhusu takataka zile!

Hillsborough, uwanja wa jiji la Sheffield, cheti kilikuwepo. Kilitolewa 1979, uwanja ukafanyiwa mabadiliko, cheti kikabaki kilekile. Aprili 15, 1989 mashabiki wa Liverpool wakabanwa kwenye vizimba. Waliokufa kutokana na siku ile ni 97. Baada ya hapo kikaundwa chombo cha kuzisimamia hata halmashauri zinazotoa vyeti. Hilo ndilo ninalolitaka hapa kwetu: mkaguzi naye awe na wa kumkagua.

Afrika Kusini nao, baada ya watu 43 kufa uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, mwaka 2001, walitunga sheria yao mwaka 2010, na polisi wanatakiwa kuipima hatari ya tukio kabla watu hawajafika uwanjani. Mwaka huohuo wa 2010, Oktoba, watu saba walikufa uwanja wa Nyayo, Nairobi, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Wapo wanaosema sheria za namna hii ni za nchi tajiri. Sikubali. Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mashabiki walivamia mageti ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikapunguza watazamaji wa mechi ya Kenya iliyofuata hadi 27,000, chini sana ya uwezo wa uwanja. Kenya hawakuhitaji kujenga jukwaa jipya ili hilo liwezekane. Alitakiwa tu mtu mwenye mamlaka ambaye uwanja si wake, aseme hawa wanatosha.

Ila CAF haji Kirumba Mwanza wala Sokoine Mbeya kila wikiendi. Kwenye ligi yetu viwanja hufungiwa, ni kweli, lakini mara nyingi hoja huwa ni eneo la kuchezea. Nyasi zikikauka timu inahamishwa. Geti moja likibaki na kufuli wakati watu wanatoka, hilo nalo liwe sababu tosha ya kuufungia uwanja.

AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na viwanja vipya vitakaguliwa na wageni mpaka kwenye vyoo. Bunge litunge sheria kabla ya hapo, na sheria hiyo iguse kila uwanja unaouza tiketi, uwe wa serikali, wa chama cha siasa au wa klabu, hadi daraja la chini kabisa. Idadi halali ya watu iandikwe kwa rangi juu ya geti, shabiki aisome akiwa bado nje.