Wanaokataa kukata uyoga wa karne ya 19 wana hoja

Mtafiti akiomba kipande cha uyoga wenye umbo la kikombe uliokaushwa zamani ili apime DNA, kisha akanyimwa, husema wahifadhi wanabania mali ya sayansi. Lawama hiyo ina msingi. Bustani za Kew, London, zina sampuli za kuvu zipatazo milioni 1.25, ukiwemo mkusanyo wa mtaalamu wa kuvu Miles Joseph Berkeley uliofika huko mwaka 1879. Humo mna sampuli za asili, zile ambazo jina la spishi limefungwa kwazo. Zisipopimwa, jina moja linaweza kubandikwa spishi mbili tatu bila mtu kujua.

Lakini hebu fungua bahasha yenyewe. Mara nyingi utakuta vikombe vichache tu, vingine havifiki hata milimita 2, vimesinyaa na rangi imepotea. Uhai wake uko ndani. Chukua ukanda mwembamba, uulainishe kwa haidroksaidi ya potasiamu, na vifuko vya spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, vitavimba tena, kwa kawaida kila kimoja na spora zake 8. Tia iodini, na kwa baadhi ya spishi ncha za vifuko zitageuka buluu, hata baada ya miaka mia moja. Kila uchunguzi wa namna hii unamega kidogo. DNA inamega zaidi, maana kilichosagwa hakirudi tena chini ya hadubini. Kinachoniuma ni hiki: DNA kuukuu huwa imekatikakatika, na inayosomeka inaweza kuwa ya ukungu ulioota juu ya sampuli baadaye. Kikombe kimeisha, na jibu ni la kiumbe kingine kabisa.

Isitoshe, njia nyingine ipo. Tangu 1994 kanuni za majina zinaruhusu sampuli mpya iteuliwe kuifafanua ya asili isiyoeleweka. Iokotwe eneo lile lile, kwenye mti wa aina ile ile. Ikiwa mbichi, itaonyesha pia sifa za seli hai ambazo mtaalamu wa kuvu Hans-Otto Baral alisisitiza mwaka 1992 kwamba ukaushaji huzifuta.

Penye vikombe thelathini, mtafiti apewe kimoja. Penye vitatu, asubiri. Mteuzi wa sampuli mpya naye anaweza kukosea spishi, na ili kosa hilo lionekane, lazima cha zamani kiwepo cha kulinganisha.